Kumpiga mnyama kutoka mbali: maswali mnayoniuliza kila siku

Tangu nirudi Unguja kutoka kambi za uwindaji kule Selous, vijana wa kwetu hawaishi kuniuliza haya haya. Wameona kwenye simu mtu kalala kifudifudi juu ya mlima huko Marekani, anampiga mnyama aliye kilomita nzima, mnyama anaanguka, watu wanakumbatiana. Basi wanakuja barazani, maalim hii vipi, inafaa haifai, na wewe ushawahi? Nimeona niyaandike yote pahala pamoja. Baba yangu alikuwa msasi, yani mwindaji, wa kutumia mbwa, nyavu na mkuki huku maweni kusini, na mie nimefanya kazi Bara miaka tisa, mwanzo mchuna ngozi halafu traka, yani mfuata nyayo. Bunduki nimeibeba sana kuliko nlivyoipiga. Kwa hiyo najibu kama mtu wa kufuata damu, si kama bingwa wa shabaha.

Masafa marefu ni mita ngapi khasa?

Hakuna namba moja. Kambini nyati walikuwa wanapigwa chini ya mita 100, mara nyingi mita 50 au 60, unasikia pumzi zao. Kongoni na swala pala ni 100 mpaka 200 hivi. Mtu akisema 300, mwindaji bingwa, yani kiongozi wa wageni wanaolipa kuja kuwinda, alikuwa anamtazama usoni kwanza kabla hajamjibu.

Lakini mita peke yake hazitoshi kuamua. Kuna chama cha zamani cha wawindaji Marekani, Boone and Crockett, alikianzisha Theodore Roosevelt na wenzake mwaka 1887, na wao kwenye tamko lao hawakuweka namba, walisema jambo hili linapimwa zaidi kwa nia ya mtu kuliko kwa umbali. Nlipoambiwa hivyo nikasema hii si ndo hadithi ya kwanza ya Mtume tuliyofunzwa chuo cha Kurani, kila amali na nia yake? Ukiwa umeshindwa kumkaribia mnyama na unataka nyama, hiyo ni nia moja. Ukiwa ulikuwa na uwezo wa kusogea ukaamua kubaki mbali makusudi ili upate kuhesabu mita na kuwaonesha watu, hiyo ni nyengine kabisa, na mnyama hapo keshakuwa kibao cha kulengea.

Lakini bunduki za sasa si zinafika kilomita? Kuna darubini, kuna leza ya kupima masafa, kuna programu kwenye simu inakupigia hesabu yote.

Kufika zinafika. Suala ni zinafika wapi katika mwili wa mnyama.

Chukua bunduki nzuri sana, iweke juu ya mfuko wa mchanga, mpigaji ametulia, hamna upepo. Kwa mita 100 inapanga risasi zake ndani ya duara la sentimita 3 hivi, na hiyo watu wanaisifu. Duara hilo linakua kadri unavyokwenda, kwa hiyo kwa mita 1,000 limeshakuwa sentimita 30. Sasa moyo na mapafu ya swala pala, pahala ambapo risasi ikiingia anakufa upesi, pana kama sentimita 20. Yani hata kabla hujakosea kitu wewe mwenyewe, bunduki peke yake imeshakuwa haina uhakika.

Halafu kuna muda. Risasi ya bunduki kubwa ya kawaida inatoka na kasi ya mita 900 hivi kwa sekunde lakini hewa inaipunguza njiani, kwa hiyo kilomita moja inachukua kama sekunde moja na nusu na zaidi. Mnyama anayekula majani akapiga hatua mbili tu za kawaida keshasogea mita moja na zaidi. Wewe ulilenga bega, risasi inafika tumboni. Na hakuna kompyuta inayojua kama mnyama atanyanyua mguu sasa hivi au baadae. Kwa mita 100 risasi inafika kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, mnyama hana nafasi ya kusogea.

Na upepo. Hili watu wa visiwani mngetakiwa mlifahamu kuliko wote. Muulize nahodha yeyote wa Nungwi, upepo unaousikia ufukweni ndo huo huo utakaoukuta katikati ya mkondo wa Pemba? Sio. Na bondeni vile vile, hapa ulipolala upepo unatoka kushoto, katikati ya bonde unapanda juu, kule alipo mnyama umelala kabisa. Kimashine ulichonacho kinapima upepo wa hapa puani pako tu. Upepo wa kilomita 16 kwa saa, ambao sisi hata tanga hatulikunji, unaisukuma risasi ya kawaida kama nusu mita ukipiga mita 500, na kwa mita 1,000 inapita mita mbili. Nusu mita ndo tofauti ya moyo na utumbo.

Kitu cha mwisho ambacho kwenye video hawakisemi: risasi ya kuwindia imeumbwa ipasuke na kutanuka ikiingia mwilini, na ili itanuke inahitaji kasi. Ikifika imechoka inapita kama sindano, inatoboa tundu dogo, mnyama anakimbia nalo siku mbili.

Mbona hao kwenye video wanapata?

Unaoneshwa aliyeanguka. Waliokwenda na risasi mwilini hawawekwi.

Kwani wazee wetu na mikuki na nyavu hawakujeruhi wanyama?

Walijeruhi, sitawasafisha. Mbwa walikuwa wanamrarua paa kabla mtu hajafika, mimi mwenyewe nimeyaona nikiwa mdogo na nikalia, baba akanipeleka nyumbani. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba vya zamani vyote vilikuwa vya huruma.

Ila kulikuwa na kitu kimoja, msasi alikuwa pale. Paa akinasa wavuni mtu yuko hatua kumi na kisu kiunoni, anafika, anamlaza, anataja jina la Mungu, kwisha. Akijeruhiwa akakimbia kuna mbwa nyuma yake na watu ishirini wanapiga kelele. Kosa likitokea linasahihishwa dakika ile ile. Ndo ninachokitazama mie katika suala zima hili, umbali kati ya kosa lako na mkono wako wa kulirekebisha. Mtu wa mita 800 akikosea, mpaka ashuke bonde, avuke mto, apande, nusu saa imekwenda, na pahala penyewe mnyama aliposimama hapajui tena manake kwa kule juu mti ule ulionekana mmoja, akifika chini anakuta miti arobaini imefanana.

Dini inasemaje?

Mie si mufti, masuala ya fatwa mpelekeeni sheikh wenu. Nasema yale ambayo kila mtu kayasoma.

Kwanza usasi wenyewe umeruhusiwa, Suratul Maida inataja mpaka wanyama waliofunzwa kuwinda. Pili kuna hadithi ya Shaddad bin Aws katika Sahih Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu, mkiua muuwe vizuri, mkichinja mchinje vizuri, mtu anoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake. Sasa kama kisu tu tumeambiwa tukinoe, vipi risasi ambayo hujui itaingia wapi? Na ipo nyengine ya Ibn Abbas inayokataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Mie kila nikiona mtu anapiga mnyama ili ajue mita zake zimefika ngapi, hiyo ndo inayonijia kichwani.

Halafu ile ya Adi bin Hatim, aliyeuliza masuala mengi ya usasi. Akaambiwa ukimpiga mnyama mshale ukamkuta baada ya siku moja au mbili, na hana alama isipokuwa ya mshale wako, kula. Ukimkuta kazama majini usile. Ndani ya hiyo mna funzo la utraka wallahi: unatakiwa ujue kilichomuua ni chako. Sasa mtu yuko ng'ambo ya bonde, amepiga, mnyama kaingia kichakani, kesho yake mnamkuta fisi washamfungua. Utajua vipi?

Na kuna jambo la kazini ambalo wageni wengi hawakulielewa. Kambini wengi wetu tulikuwa Waislamu, na nyama ya mnyama aliyepigwa tulikuwa tunakula sisi na vijiji vya jirani. Kwa hiyo mnyama akianguka mmoja wetu anakimbia na kisu awahi kumchinja roho ingali imo. Mgeni naye anataka ngozi ya shingo isikatwe manake anataka kichwa akitundike ukutani, basi ni maneno, mpaka tukajifunza kukata chini kwenye kifua au mwindaji bingwa akatusemea. Kwa mita 80 unawahi. Kwa mita 600 hakuna anayewahi, hata awe mkimbiaji wa mbio.

Nguruwe mwitu je? Haliwi, anakula mihogo yetu, kwani kuna ubaya wowote kumpiga popote alipo?

Hili ndo swali la watu wa shamba na nalijali sana, manake nguruwe kwetu ni mtihani, usiku mmoja anafukua tuta zima la mihogo na viazi, mtu anaamka asubuhi hana kitu. Kumuua kwa kuzuia madhara hakuna ugomvi. Lakini "muuwe vizuri" haikusema muuwe vizuri anayeliwa tu. Roho ni roho, na maumivu yake hayapungui kwa sababu nyama yake haramu kwetu.

Na hata ukiuwacha wema ukatazama maslahi, nguruwe aliyejeruhiwa akajificha msituni ni hatari kwa mwanamke anayekwenda kuchanja kuni asubuhi. Meno yale yanapasua paja.

Pemba walikuwa wanapiga popo na marisau, hiyo nayo ni masafa marefu?

Umbali wake mdogo lakini dhambi yake ndugu moja. Marisau, zile risasi ndogo ndogo nyingi zinazotoka pamoja, unayatawanya ndani ya kundi lililoning'inia mtini, wanaanguka watano, kumi wanaruka na vyuma mwilini, wanakwenda kufa pengine. Popo wa Pemba hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwa kile, na walifika pahala wakapungua vibaya mpaka mwisho wa miaka ya 1980, baadae vijiji vyenyewe kama Kidike vikaamua kuwalinda na sasa watu wanakwenda kuwatazama. Popo wamerudi kwa sababu watu waliamua, sio kwa sababu bunduki zilikuwa bora.

Na paa nunga wa huku Unguja hali ile ile, hayuko pengine ila hapa na misitu ya pwani ya Kenya. Huyo usimpige kwa mbali wala kwa karibu, basi.

Akijeruhiwa, nani anamfuata?

Traka. Hili jibu ningetaka mlisome pole pole.

Siku moja mgeni, sitomtaja wala kampuni iliyomleta, alimuona kongoni dume upande wa pili wa mbuga. Leza ikasema mita 560. Tukamwambia tuzunguke na upepo, robo saa tunamfikia mita 150, majani marefu. Akasema bunduki yake imetengenezwa kwa kazi hiyo, na alikuwa na mwenzake anamchukua video. Akapiga. Tukasikia ule mlio wa risasi kuingia mwilini, si mlio mkavu wa mfupa, ni ule wa kama kupiga gunia la maji, na kila traka akishausikia ule moyo unazama, manake ni tumbo.

Tulipofika pahala tukatafuta dakika ishirini ndo tukapata damu, na ilikuwa na majani majani yaliyosagwa ndani yake. Damu ya mapafu ina povu, nyekundu ya kung'aa, ukiiona hiyo unajua hayuko mbali. Damu nyeusi nzito ni ini. Yenye majani ni siku nzima. Tukangoja masaa matatu alale, tukimfukuza upesi anakwenda mpaka mwisho wa dunia. Mgeni akarudi kambini kula chakula cha mchana. Mie na mzee mmoja wa Kimwera tukafuata mpaka magharibi, jua la Oktoba, maji yakatuishia, damu ikawa tone moja kila hatua mia. Tukaweka kitambaa mtini tukarudi. Asubuhi tai ndo waliotuonesha. Alikuwa kafukua chini na kwato pale alipolala, ardhi imechimbika kama mtu kachimba kaburi. Aliteseka usiku kucha yule.

Mgeni alilipa, manake kambini damu ikimwagika umelipa umpate usimpate, na video yake ikakatwa pale risasi inapolia. Huyo alikuwa kongoni. Angekuwa nyati, mie na yule mzee tungeingia kwenye kichaka alichomo nyati mwenye risasi tumboni, na aliyempiga yuko chini ya turubai anakunywa soda. Mtu akipiga kutoka mbali hatari haiondoki, anaihamisha tu kwa mnyama na kwa watu wa chini yake.

Sheria inasemaje?

Wanyamapori si jambo la Muungano, Bara wana sheria yao ya mwaka 2009 na Zanzibar tuna sheria ya misitu ya mwaka 1996. Ya Bara inakataza kumpiga mnyama kutoka ndani ya gari, na wanyama wakali kama nyati, simba na tembo wana kiwango cha chini cha ukubwa wa bunduki.

Wenzetu wa nje wamejaribu njia nyengine. Jimbo la Idaho kule Marekani limekataza kuwinda wanyama wakubwa na bunduki inayozidi ratili 16 pamoja na vikorokoro vyake, manake zile za masafa marefu ndo huwa nzito hivyo. Norway, mtu anayetaka kuwinda wanyama wakubwa kila mwaka anafanya mtihani, risasi tano kwenye picha ya mnyama kwa mita 100, zote ziingie ndani ya duara la sentimita 30, moja ikitoka umefeli. Mita 100, sio 1,000. Nchi nzima ya wawindaji wanaona mita 100 inatosha kumjua mtu.

Mtu mzima, au mgonjwa wa miguu, hawezi kunyatia. Yeye asiwinde?

Awinde, akae amvizie mnyama. Nimewahi kukaa na babu wa miaka sabini na kitu, goti moja bovu, tukamuweka kwenye kichuguu upande upepo unakokwenda, tukakaa toka alfajiri, hatukusema neno. Saa nne swala pala wakaja wenyewe mita 70. Alipiga moja. Subira ni miguu pia.

Na mpigaji hodari kweli kweli, si bora kuliko asiyejua anayepiga karibu?

Ni kweli na nimeiona. Mtu mtulivu, amelala, bunduki imeegemea mfuko, mnyama kasimama ubavu, mita 300, namuamini kuliko mwengine anayetetemeka kwa mita 90 amesimama wima moyo unamdunda. Kwa hiyo siwezi kukwambia mita 300 ni haramu. Ila huyo hodari ndo yule yule ninayemuona mara nyingi anasema "hapana, tusogee". Hodari wa kweli anajua anavyokosea.

Nitajuaje mwisho wangu ni mita ngapi?

Kata karatasi duara la sentimita 20, kama sahani ya chai. Nenda kwenye uwanja halali wa shabaha. Usilale kwenye meza, piga kama utakavyopiga porini, umesimama bunduki imeegemea fimbo, umekaa, umetoka kukimbia kidogo na pumzi zinakwenda juu. Risasi tano za kwanza, sio za kurudia mpaka upate. Pale ambapo zote tano zinaingia ndo mwisho wako, na siku ya upepo urudi nyuma tena. Wengi watashangaa ni mita ngapi.

Na kama unapenda kupiga mbali, penda, ni ufundi mkubwa na nauheshimu. Vibao vya chuma vimejaa duniani, vipige kilomita mbili ukitaka.

Nimejeruhi na simuoni. Nifanye nini?

Usitoke hapo ulipo. Kwanza tazama mti au jiwe lililokuwa nyuma ya mnyama ulikariri, mtu mmoja abaki hapo hapo anaelekeza kwa mkono, mwengine aende. Ukifika tafuta nywele na damu, usizikanyage. Ukiona povu fuata. Ukiona majani au damu nyeusi kaa chini, ngoja masaa, hata kama moyo unakuwasha. Weka alama kila tone la mwisho. Usiku ukiingia rudi na alfajiri uwe hapo, sio saa tatu baada ya chai. Vijiji vya karibu waambie mapema kwamba yuko mnyama mwenye jeraha na yuko upande gani, wasipeleke watoto kuchunga huko. Na siku hiyo usipige mwengine, mpaka huyu umempata au umetafuta mpaka hakuna tena pa kutafuta.